Katapila Kuukuu la Malindi: Lirudi Lilivyokuwa au Lirudi Kazini?

Mwenye katapila dogo la zamani hapa Malindi hupewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza: lirudishe lilivyotoka kiwandani, mpaka bolti na rangi. Wa pili: litie starta ya umeme, jembe la haidroliki (bamba la mbele la kusukuma udongo, linaloinuliwa kwa nguvu ya oili) na paa, lilime barabara ya shamba. Ushauri huu wa pili ndio unaodharauliwa, huitwa uharibifu wa kitu cha kale. Wanaoudharau, kwa maoni yangu, hawajaitazama historia ya mashine yenyewe.

Chukua Caterpillar D2, iliyotengenezwa kuanzia 1938 hadi 1957: dizeli ya silinda nne, uzito wa takriban tani tatu. Ilizaliwa trekta la kuvuta. Jembe la mbele lilikuwa nyongeza, na wanunuzi wengi waliongeza walichokihitaji: winchi, jembe, koleo la kupakia. Sasa huo uasili tunaotakiwa kuulinda ni upi? Mkulima wa 1950 aliyefunga jembe hakulaumiwa. Wa leo anayebadilisha pampu ili jembe linyanyuke vizuri anafanya kazi ileile.

Wanaotetea uasili wana hoja moja nzito, nayo ni injini ndogo ya petroli. D2 haikuwashwa kama gari. Dereva aliwasha kwanza injini ya petroli ya silinda mbili, nayo ndiyo iliyoizungusha dizeli. Injini hizo mbili hushirikiana maji ya kupozea, na moshi wa ile ndogo huipasha moto njia ya hewa ya ile kubwa. Isitoshe, dizeli huzungushwa kwanza bila mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, oili ikafika kwenye beringi kabla ya mlipuko wa kwanza. Kwa injini kuukuu hiyo ni faida kubwa, tena haitegemei betri, ambayo joto letu huiua mapema. Lakini baridi iliyofanya joto la moshi wa injini ndogo lithaminiwe si tatizo la pwani hii. Kama magneto (kifaa cha cheche cha injini ndogo) na kabureta vimegoma na spea hazipatikani, kufunga starta ya umeme ni uamuzi wa busara, mradi injini ndogo itunzwe stoo na nafasi yake isikatwe.

Ninapoumia zaidi ni pale pesa zote zinapoishia juu. Watu hupaka rangi ya manjano, wakashona kiti, na chini pakabaki vilevile. Wenye mashine za minyororo husema karibu nusu ya gharama za matengenezo huenda huko chini: pini na bushi (mirija inayozivika pini) zinazounga viungo vya mnyororo, rola zinazobeba uzito wa mashine juu yake, sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha) na gurudumu la mbele linaloongoza mnyororo. Minyororo ya enzi hizo ni mikavu, haina oili iliyofungiwa ndani kama ya mashine zilizokuja baadaye. Mchanga ukiingia kati ya pini na bushi, unasaga. Pini ikilika, kila kiungo hurefuka kidogo. Mnyororo hautui tena sawasawa kwenye meno ya sproketi, na meno huchongoka. Hapo ukifunga mnyororo mpya juu ya sproketi iliyochongoka umetupa pesa, kwa sababu kibovu kitakiharibu kizima. Dawa ya kale ingali inafaa: pini na bushi zikiwahiwa kabla hazijalika mno, husukumwa nje kwa jeki kubwa ya haidroliki, zikageuzwa nusu mzunguko na kurudishwa, upande usiolika ukapokea kazi.

Kwetu kuna jambo la pili, chumvi. Mashine itakayojenga kingo za mabwawa ya chumvi upande wa Gongoni au Marereni inaliwa na mchanga na kutu kwa pamoja. Ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari kila kazi ikiisha, matope yasikaukie kwenye rola. Mnyororo usikazwe sana, maana mchanga ukijaa hukaza wenyewe, na dereva asipende kurudi nyuma kwa kasi, mwendo unaozimaliza bushi haraka.

Kwenye uchakavu huu wa chini wapinzani wa mabadiliko wanapata haki yao, na ningependa waitumie zaidi kuliko hoja ya rangi. Jembe zito la haidroliki huhamishia uzito mbele, rola za mbele zikabeba kuliko zilivyokusudiwa. Anayebadilisha achague jembe jepesi, bora likwangue mara mbili. Alteneta, mashine mpya zaidi ya kuchaji betri, mahali pa dinamo ya zamani haina ubishi.

Paa nalo lina masharti. D2 nyingi hazina kitu cha kumlinda dereva ikipinduka, na ukingo wa bwawa ni mahali pa kupinduka, kwa hiyo siwezi kumsikiliza anayesema fremu ya ulinzi inaharibu sura. Lakini mabomba mawili yaliyochomelewa juu ya mabati ya kando ya kiti hayamkingi mtu. Fremu ishike kwenye mwili mkuu wa mashine, kwa bolti kubwa na sahani nene, na chuma cha kalibu cha nyumba za gia kisichomelewe, kwani hupasuka kwa joto la moto. Hesabu ya nguvu yake ifanywe na mhandisi, na mkanda wa kiti ufungwe pamoja nayo, kwa sababu dereva anayerushwa nje huangukiwa na fremu ileile iliyowekwa kumwokoa.