Siki ya tufaha na sukari ya damu: muuzaji ana nusu ya ukweli

Pita kwenye meza za dawa za asili pale Majengo au Sabasaba, Dodoma mjini, utaikuta siki ya tufaha imepangwa kati ya unga wa mlonge na mafuta ya ubuyu. Muuzaji atakwambia inashusha sukari, inakata kitambi, inasafisha damu. Ukimuuliza mhudumu wa kliniki, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: achana nayo. Naona wote wawili wana haraka.

Kwenye sukari muuzaji hajakosea kabisa. Mwaka 2004 Carol Johnston na wenzake, huko Arizona, Marekani, waliwapa watu 29 gramu 20 za siki ya tufaha iliyochanganywa na maji, kisha mlo wenye wanga mwingi. Wale ambao miili yao ilikuwa imeanza kutoisikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, walipata nafuu ya wazi baada ya kula. Wenye kisukari aina ya pili nafuu yao ilikuwa ndogo zaidi. Inaeleweka kwa nini: tindikali ya siki huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo wanga unaingia kwenye damu polepole. Kwa mji unaokula ugali mchana na usiku, hilo si la kubeza.

Ila kuchelewesha huko huko ndiko kunakonitia hofu. Kuna wagonjwa ambao kisukari kimeshawaharibu neva za tumbo, chakula kinakaa humo muda mrefu. Mtu wa hivyo akichoma insulini halafu akanywa siki, sukari yake inaweza kushuka kabla chakula hakijafika kwenye damu. Na wapo wanaoweka metfomini, vidonge vyao vya kisukari, kabatini wakabaki na kijiko cha siki asubuhi na jioni. Mlo mmoja uliopimwa Arizona hauwezi kubeba uamuzi mzito kiasi hicho. Ikinywewa bila maji, siki inaunguza koo na kula meno.

Kuhusu kitambi nitasema kwa kifupi. Wajapani walichapisha utafiti mwaka 2009: wiki 12 za siki kila siku, watu wakapungua kilo moja hadi mbili. Ule wa Lebanoni wa mwaka 2024, uliodai makubwa kwa vijana wanene, uliondolewa mwaka 2025 na jarida lililouchapisha kwa sababu hesabu zake hazikuaminika. Anayekuuzia kwa kuutaja huo, mwambie umeshafutwa.

Tufaha lenyewe limepata sifa lisizozistahili peke yake. Wababeli walitengeneza siki ya tende. Hippocrates wa Ugiriki aliagiza siki na asali kwa kikohozi. Jina la tufaha lilivuma zaidi baada ya daktari wa Vermont, Marekani, DC Jarvis, kutoa kitabu mwaka 1958 kuhusu tiba za wakulima wa jimbo lake, na wakulima wale walikuwa na mitufaha, basi wakatumia walichonacho. Huko Sweden mwaka 2005 watu 12 wenye afya walipewa siki nyeupe ya kawaida pamoja na mkate, na sukari yao nayo ilipanda kidogo kuliko walipokula mkate bila siki. Kinachofanya kazi ni tindikali, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na kilevi, kiwe cha tende, cha tufaha au cha zabibu.

Na zabibu tunazo. Hombolo, Mpunguzi na Makutupora zinalimwa, mvinyo unatengenezwa hapa hapa, na mkulima akikosa mnunuzi kwa wakati zabibu zinamwozea. Inaniuma kuona mstaafu analipa bei ya chupa iliyovuka bahari kwa kitu ambacho siki ya zabibu za Dodoma ingempa vilevile, kijiko kimoja juu ya kachumbari, pembeni ya ugali wake wa uwele, huku vidonge vyake akiendelea kuvimeza kama alivyoandikiwa.