Zana za kusaka hitilafu za kumbukumbu: ziishie maabara, au ziende hadi dukani?

Miongoni mwa mafundi wa programu hapa Dar es Salaam wanaoweka Linux kwenye mashine za malipo, ruta na seva ndogo za maduka, kuna mjadala ambao haujapata mwafaka: je, zana za kusaka hitilafu za kumbukumbu (RAM) ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ziachwe zikiwa zimewashwa hata kwenye mashine iliyokwisha kukabidhiwa mteja, au kazi yake iishie kwenye majaribio?

Uzito wa swali hili unatokana na nafasi ya kerneli yenyewe. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli huikatiza na mashine ikaendelea na kazi, lakini juu ya kerneli hakuna msimamizi mwingine. Draiva, yaani sehemu ya kerneli inayoendesha kifaa fulani, ikiomba baiti 64 kwa kmalloc (njia ya kerneli ya kuomba kumbukumbu), ikazirudisha, kisha ikaendelea kuziandikia, hakuna wa kuizuia. Huenda baiti hizo zimekwisha kugawiwa sehemu nyingine kabisa, na madhara yakajitokeza saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana ripoti ya kuanguka kwa mashine mara nyingi humtaja asiye na kosa.

Wanaotaka zana zibaki maabara wana hoja nzito, na kwa KASAN, zana inayokagua kila mguso wa kumbukumbu, iliyoingia katika Linux toleo la 4.0 mwaka 2015, sioni wa kuwapinga. Katika muundo wake wa kawaida, KASAN hutenga baiti moja ya uangalizi kwa kila baiti nane, hivyo kifaa chenye megabaiti 128 hupoteza 16 kabla hakijafanya kazi yoyote. Isitoshe, kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hupachika ukaguzi kabla ya kila kusoma na kuandika, na vipande vya kumbukumbu vilivyorudishwa huwekwa karantini kwa muda ili visigawiwe upesi. Mashine inayohudumia foleni ya wateja Kariakoo haiwezi kubeba mzigo huo.

Upande wa pili huitaja KFENCE, zana nyepesi zaidi ya kazi hiyo hiyo, iliyoingia katika toleo la 5.12 mwaka 2021. Hii haikagui kila ombi la kumbukumbu. Kwa mipangilio yake ya awali, takriban kila milisekunde 100 huchukua ombi moja na kuliwekea ukurasa wake wa kumbukumbu peke yake, unaopakana na kurasa za ulinzi zisizoruhusiwa kuguswa, ili atakayevuka mpaka anaswe papo hapo. Nafasi zake ni 255 na gharama yake, kwa kurasa za kilobaiti 4, ni megabaiti 2 tu. Hoja hii inavutia, ila watetezi wake huruka jambo moja: zana ya kubahatisha hupata nguvu kwa wingi wa mashine. Mwenye simu mamilioni sokoni atainasa hitilafu adimu mapema. Fundi mwenye mashine arobaini anaweza kukaa mwaka mzima bila ripoti, akadhani kazi yake ni safi.

Kati ya pande hizo kuna njia ambayo, kwa maoni yangu, haithaminiwi vya kutosha. Mgawaji wa kumbukumbu wa Linux, SLUB, una chaguo la slub_debug ambalo, likiwekewa herufi P, hujaza kila kipande kilichorudishwa kwa baiti 6b, na kumalizia na a5 (thamani hizi zimeandikwa kwa namba za msingi wa kumi na sita). Kipande kinapotaka kugawiwa tena, hukaguliwa. Ikionekana 6a mahali pa 6b, mzoefu hushuku hesabu fulani iliyopunguzwa kwa moja baada ya kipande kurudishwa, yaani kosa la draiva. Ikionekana eb, biti ya juu pekee, kati ya nane za baiti hiyo, imegeuka, na shaka huhamia kwenye chipu ya kumbukumbu. (Hata 6a ni tofauti ya biti moja tu, kwa hiyo ushahidi mmoja hautoshi kumhukumu mtu.) Chaguo hili hupunguza kasi, lakini laweza kuelekezwa kwenye kundi moja tu la vipande, kwa mfano kmalloc-64, vile vya baiti 64, na mashine nyingine ikaendelea kama kawaida.

Hata hivyo, mjadala wote unapita pembeni ya tatizo kubwa la jiji hili. Mashine ikiganda dukani, muuzaji huchomoa waya, akachomeka tena, na lawama akauangushia umeme. Ripoti iliyoandikwa kwenye kumbukumbu hupotea hapo hapo. Hata ramoops, inayotenga sehemu ya kumbukumbu ili ujumbe wa mwisho wa kerneli usomwe baada ya mashine kujiwasha upya, haifui dafu mbele ya waya uliochomolewa, kwa kuwa kumbukumbu hiyo nayo imekatiwa umeme.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuwasha KFENCE kwenye mashine zilizo kazini, kwa sharti kwamba ripoti ziandikwe kwenye fleshi au zitumwe nje kupitia mtandao mara zinapotokea. Kwa mashine ya malipo ningeongeza panic_on_warn, mpangilio wa kusimamisha kerneli inapotoa onyo, ili isimame badala ya kuendelea kuandika miamala juu ya kumbukumbu iliyochafuka. Kwa ruta ya ofisini ningeiacha iendelee. Fundi asiyeweza kutimiza sharti la ripoti atafaidika zaidi akizipeleka megabaiti hizo 2 kwenye programu yake, na nguvu zake kwenye majaribio marefu ya KASAN kabla ya kukabidhi mashine.