Anasema Hayupo

Leo asubuhi simu yangu imenikataa. Nimeiinua, nimeiweka mbele ya uso kwa heshima zote, ikatikisika kidogo na kuniandikia: "Uso haujatambuliwa. Jaribu tena." Nikajaribu tena. Nikavua miwani. Nikawasha taa. Nikatabasamu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia binadamu yeyote kabla ya jua kuchomoza. Haujatambuliwa. Wanaonidai wananitambua kwa mgongo, tena nikiwa nakimbia, lakini kifaa nilichokinunua kwa jasho langu, ninachokilisha umeme na bando kila siku ya Mungu, kinaniuliza mimi ni nani.

Na usinieleze habari za teknolojia. Nazijua. iPhone X ilipoingia sokoni mwaka 2017 ilikuja na kamera inayoumwagia uso nukta zaidi ya 30,000 zisizoonekana, ndipo inachora ramani ya pua yako. Yangu haina hata nukta moja. Yangu inakisia. Inanitazama kwa kikamera kile kile cha selfi, na ikiamka vibaya basi siku hiyo mimi si mimi.

Watu huniuliza, hivi simujanja ina faida? Hapo huwa nakaa vizuri, nakohoa kidogo, natafuta sauti ya mtu aliyesoma. Ndugu zangu, simujanja ni chombo muhimu sana katika ulimwengu wa sasa. Mawasiliano, elimu, biashara... Halafu inaingia meseji kwamba bando langu liko ukingoni, na usomi wote unaniishia.

Maana hesabu yake haifungi. Simu unainunua, unadhani umemaliza. Kumbe bado kava. Bado protekta, ambayo kazi yake ni kupasuka kwa niaba ya kioo, na siku ya siku inabaki nzima, kioo ndicho kimepasuka chini yake. Bado bando, ambalo programu zinalila zenyewe usiku zikijisasisha wewe umelala. Mara memori imejaa. Imejaa nini? Maua! Picha za maua zenye maneno "Asubuhi njema" kutoka kundi la ukoo, kundi la wanaolisema kundi la ukoo, na kundi la maandalizi ya sherehe ya watu ambao sasa wameshaachana. Kujitoa huwezi. Ukitoka, admini anapata taarifa, na admini ndiye shangazi.

Lakini hizo ni gharama za mfukoni, tumezizoea. Kinachoniuma mimi ni kupatikana. Zamani mtu akikutafuta akakukosa, alielezwa na sauti ya kistaarabu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa, na jambo likaishia hapo. Huenda umesafiri, huenda chaji imekwisha, huenda umefariki. Vyote vilikubalika. Siku hizi wenzako wanajua ulionekana mara ya mwisho saa ngapi, ujumbe wao umefika au haujafika, umeusoma au umeuchunia. Tiki moja, tiki mbili, halafu zile za bluu ambazo hakuna wakili anayeweza kukutetea nazo.

Wala tusidhani mambo yaliharibikia njiani. Yalianza hivyo hivyo. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York na dude la kilo moja na ushee mkononi, akapiga simu ya kwanza ya mkononi. Alimpigia nani? Mama yake? Alimpigia mshindani wake, Joel Engel wa Bell Labs, kumjulisha kwamba anampigia kwa simu ya mkononi. Yaani simu ya kwanza kabisa ilipigwa ili kumkoga mtu. Ila watu wa enzi zile walikuwa na bahati yao: simu ya aina hiyo ilipofika tayari kuuzwa, mwaka 1983, ukiongea nusu saa chaji imekwisha, na kuijaza upya ni kama masaa 10. Nusu saa tu, mkutano umevunjika! Nina shemeji ambaye kwa nusu saa hajamaliza hata kusalimia.

Sasa nije kwa fundi.

Kioo changu kilipasuka. Kilipasukaje si hoja. Nikampelekea fundi, kijana mdogo mwenye lenzi jichoni, meza nzima imejaa simu zilizotolewa matumbo, na benchi pembeni limejaa wenye simu zao. Kabla hajaigusa yangu akaniuliza:

"Mzee, imewahi kuingia maji?"

"Haijawahi."

"Imewahi kufunguliwa?"

"Haijawahi."

Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaguna. Guno lenyewe lilikuwa la "wote mnasema hivyo."

"Unataka kioo orijino, kopi, au orijino-kopi?"

"Orijino-kopi ndiyo nini?"

"Ni kopi ya orijino, mzee. Siyo kama ile kopi ya kopi."

Akataja bei ya orijino. Nikamuuliza kama bei hiyo ni pamoja na simu nyingine. Benchi likacheka. Tukaafikiana orijino-kopi.

Akailaza kwenye pedi ya moto mpaka gundi ikalegea, akapitisha kikadi chembamba pembeni, taratibu, kioo kikanyanyuka na mlio wa kuvunja moyo. Akaanza kufungua skrubu ambazo kwa macho yangu hazipo kabisa. Moja ikaruka ikapotelea sakafuni. Nikainama kuitafuta. "Iache tu mzee, hiyo haina kazi." Haina kazi! Basi waliounda waliiweka kama pambo? Hajamaliza hilo, akagonga betri kwa ukucha. "Na betri nayo imechoka. Imeshaanza kuvimba."

Nikakaa kimya kwa uchungu. Mwaka 2019 Nobel ya Kemia ilikwenda kwa watu watatu waliotuletea betri za lithiamu, na mmoja wao, John Goodenough, alitunukiwa akiwa na miaka 97, wakati huo bado akienda maabara kuchapa kazi. Mzee wa miaka 97 alikuwa bado yuko kazini, betri aliyosaidia kuizaa imestaafu kabla hata kava halijachakaa.

Kioo kikaingia. Simu ikawaka. Hapo ningetoa hela nikaondoka, lakini fundi akanizuia kwa mkono: "Ngoja kwanza nijaribu tachi."

Kujaribu tachi ni kupitisha kidole kila pembe ya kioo. Na kidole cha fundi hakichagui. Kikaangukia kwenye meseji. Meseji ambazo nimezilinda zisisomwe kwa ustadi mkubwa, nachungulia kwa juu, nasoma mistari miwili ya mwanzo bila kufungua, akazifungua zote. Mwenye nyumba: bluu. Mweka hazina wa kikundi: bluu. Binamu mwenye "wazo la biashara": bluu. Nikasema, "Fundi, tachi iko vizuri, naiona." Akasema, "Bado kona hii," kona ikawa na bosi.

"Sasa spika."

Akabonyeza kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni ujumbe wa sauti wa shemeji. Sauti ya juu kabisa. "Shem, najua upo. Najua hii unaisikia. Usijifanye mtandao. Mtandao gani huo unaokwamia kwako tu?" Nikanyoosha mkono, fundi akausogeza pembeni kwa upole, anasikiliza kama besi inakwaruza. Benchi zima kimya, limekunja shingo. Mama mmoja mwenye simu ya kupasuka mapajani akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Kwani baba, ni hela nyingi?"

Na hapo hapo ikaingia simu. Jina likatokea kubwa, linang'aa, kioo kipya kina mwanga sana. Ni yule jamaa. Deni lake silikatai, tunatofautiana tu kuhusu tarehe. Yeye anajua niko safarini, mahali ambapo mtandao haushiki. Nikamwonyesha fundi ishara kwa mikono yote miwili, kwa kichwa, kwa nyusi.

"Ngoja nijaribu maiki," akasema. Akapokea.

"Haloo! Hapana, mimi fundi. Mwenye simu? Yupo, huyu hapa mbele yangu." Akanitazama kwa makini ili atoe taarifa sahihi. "Anapunga mikono. Anasema hayupo." Kimya kidogo. "Sawa, nitamwambia." Akakata, akaifuta simu kwa kitambaa, akanikabidhi. "Maiki iko safi, mzee. Anasema anakuja."

Mama wa benchini ndiye aliyenionyesha mlango wa nyuma.

Sasa niambie, hapo mtu unakimbilia wapi? Ukitaka kujituliza unafungua simu hiyo hiyo, nayo haina mwisho. Kihalisi haina. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usioisha, unashuka nao unaongezeka, na baadaye akasema hadharani kwamba anajutia. Sawa, amejuta. Mimi bado nashuka. Juzi niliingia kuangalia saa tu, nikaja kushtukia namtazama mtu nisiyemjua akiosha zulia, na kibaya zaidi nataka kujua litatakata au la. Saa yenyewe sikuiona.

Kazini nako ndiyo usiseme. Wenzetu Ufaransa wana sheria, ilianza Januari 2017, kwamba kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zikae na watu wao zijadiliane kuhusu haki ya kutoguswa na simu na barua pepe baada ya kazi. Nikaona hili ni jambo la kumfaa kiongozi. Nikamtumia bosi habari hiyo bila kuongeza neno. Akajibu saa tano na nusu usiku: "Nimeiona. Hebu ingia mtandaoni dakika moja tuijadili."

Nimewaza kurudi kwenye kitochi. Nawaza kwa dhati. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250, na haikumwuliza mtu hata mmoja uso wake. Tochi, kengele ya kukuamsha, mchezo wa nyoka, chaji inakaa mpaka unasahau chaja iko wapi. Lakini benki inataka uthibitishe kwenye programu, shule inatuma matokeo kwenye kundi, hata msiba siku hizi unatangazwa kwa picha. Nikasema basi niwe nazo mbili. Nilipomwambia mke wangu nataka kununua simu ya pili, ndogo, ya kupiga na kupokea tu, ambayo namba yake haijulikani na mtu, aliniangalia mpaka nikasahau nilikuwa nasema nini.

Na hili la chaja ndilo linalonimaliza. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kule ziwe na tundu la aina moja, USB-C, tangu mwisho wa Desemba 2024, na dunia inashangilia. Mimi sishangilii. Zamani chaja yangu ilikuwa na kichwa chake cha ajabu, haiingii kwenye simu ya mtu yeyote humu ndani, naiacha ukutani naikuta ukutani. Sasa inaingia kwa mke, inaingia kwa mtoto, inaingia kwa mdogo wake mke anayekuja "kusalimia tu" akiwa na asilimia mbili. Mashine ya kunyolea nayo inaitaka. Hii simu ninayoandikia sasa iko asilimia sita, na niliichomeka mwenyewe tangu jana usiku, na waya haupo.

Jamani, nani kachomoa? Siulizi kwa ubaya. Ile nyeupe, yenye selotepu shingoni, ilikuwa kwenye soketi hii ya karibu na kochi. Hapana, siyo hiyo. Hiyo haiingizi kitu, inaonyesha tu alama ya chaji. Nyeupe, nasema! Yenye selotepu!