Niachieni kuku wangu wa maskini

Siku hizi ukifilisika hapa Moshi, hata hujamaliza kuhesabu madeni, simu imeshajaa video za wahamasishaji. Amka saa kumi alfajiri. Badili fikra. Jitenge na watu wenye mikosi. Ndugu wanazituma kwa nia njema na siwalaumu, ila mimi hazinishibishi. Kinachonishibisha ni kuku.

"Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe."

Hebu isome kwa sauti. Kila ukidhani kuku amevuka, maneno yanamrudisha. Mpaka unafika kwa mwewe, mwenye shida zake ameshaanza kucheka, tena anacheka kwa haki, maana hakuna aliyemwambia kwamba kosa ni lake. Methali haimwamrishi kuku aamke mapema. Inakiri tu kwamba wapo watu ambao hasara huwajia kwa zamu, na kwamba walikuwepo zamani, wengi kiasi cha kutungiwa maneno. Kwangu faraja iko hapo.

Wazee wa Kibosho na Uru, huku kwetu mlimani Kilimanjaro, hawahitaji kuelezwa. Mbuni unaupanda na kuungoja miaka mitatu au minne. Ukianza kuzaa, ugonjwa wa chulebuni unaozesha matunda yakiwa bado mabichi. Ukinunua dawa ukapulizia, ukaokoa kitu, inakuja bei. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana mafungu ya mauzo ulivunjika, na bei ya kahawa ikaporomoka dunia nzima. Huu ni mlima uliokuwa na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu 1933, mlima uliosomesha watoto wake kwa kahawa. Wako waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Mzee mmoja jirani yetu ana methali yake kabisa: "Kahawa ya maskini haizai, ikizaa inaoza, isipooza haina bei, ikipata bei mwenyewe ameshaing'oa."

Huwa nafikiri mnyama anatufaa kwa sababu anakubali kubeba aibu ya mtu. Kwenye kikao cha ukoo siwezi kusimama nikatamka kwamba biashara imekufa tena. Nikisema kuku wangu kachukuliwa na mwewe, wote wameelewa, na hakuna atakayeuliza ni shilingi ngapi. Hata kumsema mkubwa inawezekana. Wapiganapo tembo nyasi huumia: nani atakushtaki kwa kuwahurumia nyasi?

Sio kwamba nakula kila nilichoachiwa. "Mwana wa nyoka ni nyoka" naikataa waziwazi. Nimeisikia ikitumika kumkatalia binti wa watu ndoa kwa sababu ya wizi wa babu yake, na waliokuwa wakiitamka walijiona wana hekima. Na hiyo ya asante ya punda ni mateke, aliyeitunga sijui kama aliwahi kubeba mzigo. Siku za soko pale Ngaramtoni, njia ya kutoka Arusha kwenda Longido, utawaona punda wakishuka na magunia, na kiboko nyuma. Hapo anayedaiwa asante ni nani?

Ushairi nao una chakula chake, lakini ni cha usiku. Mwaka 1858, huko pwani ya Lamu, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, akamtungia binti yake utendi wa wosia. Baadhi ya mafunzo yake kuhusu mke na mume binti zetu wa leo hawatayakubali, na sitawalazimisha. Ninachokionea wivu ni umbo alilolichagua. Mstari wa mizani minane ni mfupi, hata mgonjwa anaweza kuumaliza kwa pumzi moja, na kina cha mwisho wa ubeti ni kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa macho saa nane usiku na mawazo hayajui pa kukaa, sikio angalau linajua pa kutua. Mimi nikikosa usingizi nasoma tenzi kwa sauti ya chini, na mke wangu ameshazoea. Zamani alidhani nasali.

Mhamasishaji atasema haya ni kujifariji katika umaskini. Sidhani. Nimewaona watu wakilia na kuku wao wa methali, kesho yake wakaingia shambani, na nimewaona wengine wamelishwa video mwezi mzima, wanajichukia tu. Yule jirani yetu wa kahawa sasa anafuga ng'ombe wa maziwa bandani. Juzi nilimpitia, nikamwamkia shikamoo, nikamtania kuhusu kuku wake wa zamani.

"Marahaba, mwanangu," akanijibu. "Ng'ombe mwewe hambebi." Akakinga ndoo, akakamua kidogo, kisha akaongeza mwenyewe: "Anabebwa na bei ya pumba."