Jicho la pweza si jicho letu
Mwandishi ninayemjibu hapa anasema jicho la pweza na jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa umbo nakubali: lenzi ipo, mboni ipo, retina, yaani utando unaopokea mwanga, ipo nyuma. Ila mimi nimekulia Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, nimechokoa pweza tangu utotoni maji yakitoka, na jicho lake nalijua. Mboni ni ufa mweusi uliolala, na ukimgeuza pweza angali hai, ule ufa unajirudisha kulala hata mwili ukiwa wima. Lenzi yake ukiitoa wakati wa kumsafisha ni duara, ngumu kama ushanga. Yetu ni laini, hubadilika umbo tuone karibu au mbali; yake husogezwa mbele na nyuma. Kubwa zaidi ni neva, nyuzi zinazopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kwetu zinapita mbele ya retina, kisha zinaitoboa kwenda kwenye ubongo, na hapo zinapotoboa hatuoni kitu. Za pweza zimepita nyuma tangu mwanzo, hana sehemu hiyo pofu. Basi tusiseme tumerithi jicho kama hili kwa babu mmoja, kila upande ulijitengenezea lake. Kinachonishangaza hadi leo ni rangi: sisi tuna aina tatu za chembe za kuonea rangi, pweza ana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, yaani inaelekea rangi hazioni kabisa, lakini akijibanza kwenye mwani anafanana nao mpaka unamkanyaga. Wavuvi wenzangu, kuna aliyewahi kumwona pweza amekosea rangi ya mahali alipojificha?