Kabla ya kumwita Merere msaliti

Kila Julai 19 ikikaribia, ubishi wa Iringa na Mbeya ni ule ule. Mhehe atamtaja Mkwawa, mtemi wao, aliyejipiga risasi Mlambalasi siku hiyo mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kisha atauliza: Wasangu walikuwa wapi? Jibu linalozoeleka ni fupi. Akina Merere, watemi wa Usangu waliorithishana jina hilo, walikuwa upande wa Mjerumani. Ni kweli. Ila anayeishia hapo anaisimulia vita hii kuanzia katikati.

Upande wa Wajerumani hauna fumbo. Wahehe walikuwa wakiishambulia na kuitoza ushuru wa njia misafara ya kati ya Bagamoyo na Tabora, na serikali mpya ya pwani haikutaka mtawala mwingine mwenye amri juu ya njia hiyo. Akatumwa Emil von Zelewski, ambaye pwani walimpachika jina la Nyundo. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, walimuua pamoja na askari wake zaidi ya 200. Juu ya haki ya Mkwawa siku ile sina ubishi: mtu aliyefuatwa kwake na bunduki hadaiwi maelezo.

Lakini Uhehe wenyewe ulijengwaje? Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliziunganisha koo kwa vita, na vita hiyo ikavuka mipaka. Wasangu, waliokuwa na nguvu zao kabla, walisukumwa hadi wakalihama bonde lao na kwenda kuishi ugenini Usafwa, kwenye Utengule iliyo karibu na Mbalizi ya leo. Mkwawa aliirithi kazi hiyo na kuiendeleza. Kwa Msangu wa miaka ile, aliyemnyang'anya ng'ombe na malisho alikuwa Mhehe. Mjerumani alikuwa mgeni tu mwenye silaha kali. Hapakuwa na Tanganyika ya kuisaliti. Fuvu la Mkwawa, walilolichukua Wajerumani, lilitajwa mpaka katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954, na ni haki yake. Wakimbizi wa Utengule nani anawataja?

Hata hivyo simtakasi Merere. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoangushwa Oktoba 30, 1894, Wasangu walifunguliwa njia ya kurudi kwao, lakini walirudi chini ya bwana mpya, na kodi ya kibanda ilipokuja haikumuuliza mtu alipigana upande gani. Urafiki wa Mjerumani ulikuwa na bei, na aliyeuonja mapema ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Walimsimika atawale Uhehe mwishoni mwa 1896. Februari 1897 wakamnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia ndugu yake aliyekuwa bado porini.

Kwa hiyo Mkwawa na Merere wote wawili walishindwa, kila mmoja kwa njia yake, na kwa maoni yangu kushindwa kwa Mkwawa kulianza zamani, kwenye ushindi wa baba yake. Alipohitaji majirani, wengi wao walikuwa na kisasi naye.

Kisha ikaja Maji Maji. Mwaka 1905 Wabena waliinuka, wakaishambulia misheni ya Yakobi kule Njombe. Wajerumani wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na katika nchi yote ya kusini njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wahehe je? Kwa sehemu kubwa hawakuinuka, na wapo waliopigana wakiwa pamoja na Wajerumani. Sioni ajabu: ilikuwa miaka saba tu tangu Mlambalasi, nchi yao ilikuwa imeunguzwa, na kizazi kilichopigana Lugalo kilikuwa kimepukutika. Walipima hali yao wakachagua kubaki hai. Mbena wa Njombe naye ana haki ya kuuliza walikuwa wapi, na sidhani kama jibu lao litapishana sana na la Merere.