Ditekta na rupia za Mjerumani: tupimie kina, si bei

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inaihesabu kuwa mabaki ya kale mali iliyotengenezwa kabla ya 1863. Rupia za Mjerumani, sarafu za enzi ya ukoloni wake hapa, zilianza kutolewa 1890. Maana yake, rupia, heller (sarafu zake ndogo), vifungo vya askari na maganda ya risasi ya 1914–1918 havilindwi moja kwa moja mpaka waziri avitangaze. Wasakaji wa ditekta, mashine inayolia ikikuta chuma au madini ardhini, wanaukumbatia mwanya huo na wanaakiolojia unawauma. Kila upande una hoja nzito.

Wasakaji wanasema sarafu iliyoachwa shambani haikai salama, na ni kweli. Plau la trekta hugeuza udongo hadi sentimita 20 hivi, na mbolea za viwandani huharakisha ulikaji wa shaba. Sarafu iliyokwisha kupinduliwa na plau imeshaachana na vitu ilivyozikwa navyo. Kuitoa hakuharibu mengi, ilimradi mahali ilipookotwa paandikwe.

Ila ditekta yenyewe haina utulivu wanaoudai. Udongo mwekundu wenye chuma kingi huifanya ipige kelele ovyo. Usipoisawazisha na ardhi kila unapohamia udongo wa aina nyingine, unapoteza kina. Katika udongo mzuri, ditekta ya kawaida huisikia heller moja, yenye upana wa milimita 20 hivi, kwenye sentimita 15 hadi 20. Kwenye udongo mwekundu hupungua sana. Heller zenye tundu, za shaba iliyochanganywa na nikeli, hutoa mlio unaokaribiana na wa vipande vya alumini. Ukizima milio ya takataka, unazikosa. Ukiiacha, unachimba mashimo mengi ya bure. Misumari nayo huificha sarafu iliyo jirani. Na wale wanaochimba mita tatu wakisaka sanduku la hazina ya Mjerumani kwa sababu ditekta "imelia" wanadanganyika: kwa kina hicho, ditekta ya aina hii haisikii sarafu.

Hoja ya wanaakiolojia, kwamba kitu kikitolewa ovyo hupoteza habari zake, ndiyo inayonishawishi zaidi, na Tabora inaionyesha vizuri. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, karakana ya reli ya Tabora ilifua heller 20 za shaba na za shaba ya njano, zenye herufi T, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Dhahabu ndiyo inayowatia watu wazimu, lakini ile heller ya T ndiyo yenye habari. Ikikutwa ndani ya tabaka lisilovurugwa, tabaka hilo haliwezi kuwa la kabla ya 1916, na kila tabaka lililo juu yake ni la wakati huo au baadaye. Kambi nzima ya askari na wapagazi, ambao wengi wao hawakuandikwa popote, inapata tarehe. Ing'oe heller hiyo, na waliobaki wameshikilia vigae visivyo na mwaka.

Kwa hiyo mpaka uwekwe kwenye kina na mahali. Katika udongo uliolimwa, kwa ruhusa ya mwenye shamba na halmashauri ya kijiji, asake anayetaka. Mlio ukitoka chini ya tabaka la plau, shimo lifukiwe. Kwenye boma, makaburi na viwanja vya vita kama Mahiwa, ditekta isiwashwe kabisa. Huko kuna hatari pia: mlio mkubwa wa chuma unaweza kuwa kombora ambalo halijalipuka. Usiligonge kwa sururu wala kulibeba. Weka alama kwa mbali, kisha wajulishe polisi.

Kila kipatikanacho kipigwe picha na rula pembeni, kina chake na majiranukta ya simu yaandikwe kabla ya kuondoka, kisha kitiwe katika bahasha yake ya karatasi. Ndimu, majivu na brashi ya waya vikae mbali: vinafuta maandishi na kuacha chuma kitupu.

Uingereza ina mpango, tangu 1997, ambapo maafisa wa mikoa husajili vitu vya wasakaji bila kuvichukua vingi kati ya hivyo. Hapa wilaya zina maafisa utamaduni. Wapewe daftari na mizani, na mwaka 1863 katika sheria usogezwe hadi 1919.